Nduli Hadi Songwe, Kioo Kimegeuzwa

Watu wakitaka kujua umbali wa kutoka uwanja wa ndege wa Nduli, Iringa, mpaka uwanja wa Songwe, Mbeya, siku hizi wanauliza simu. Simu inawapa kilomita mia tatu sitini na ushee, inawachorea mstari wa bluu, inawaambia masaa matano na nusu. Wanaonijua mimi hawahangaiki na simu. Wananiuliza, na mimi kwanza nawauliza: unaondoka saa ngapi, kwa gari gani, na anayeendesha ni nani? Barabara ile haina urefu mmoja. Asubuhi ya Jumapili ni fupi. Siku ya kazi, malori ya Zambia yakiwa yamejipanga, inarefuka mpaka unaona mabango ya vijiji yanarudia.

Kwa ndege ndiyo kichekesho. Viwanja viwili, vyote vya lami, vyote vina mnara na watu wa kukagua mabegi, lakini ndege ya kutoka kimoja kwenda kingine sijaiona. Anayetaka kuruka kutoka Iringa kwenda Mbeya anaenda kwanza Dar es Salaam, anashuka, anakaa, anapanda nyingine, inamrudisha juu ya kichwa cha nyumba aliyotoka asubuhi. Rubani mmoja niliyemhamishia vyombo vyake vya nyumbani aliniambia ingekuwapo ya moja kwa moja, hata saa moja haifiki. Sikubishana naye. Huko juu hakuna tuta wala askari mwenye tochi ya kupima mwendo.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Nilianza utingo kwenye malori ya karatasi kutoka kiwandani Mgololo, nikalala juu ya marobota, nikajifunza usukani kwa kuangalia mikono ya dereva wakati wenzangu wanaangalia wanawake wa njiani. Leo malori yenye rangi yangu yanapita barabara hiyo kila siku, na nyumba ninayo Soweto, Mbeya, ya ghorofa, sikukopa benki hata bati moja. Waliosoma nami wakaenda mpaka chuo, wawili wananiomba kazi ya kusimamia mizigo. Nasema hivi ili msomaji ajue anayeongea habari ya barabara hii ni nani.

Siku ninayotaka kuieleza nilikuwa Iringa, Ipogolo, kwenye gereji. Lori langu moja lilikuwa limeua injini, na mafundi wa Iringa usipowasimamia wanakubadilishia hata visivyoumwa. Ilikuwa masika. Simu ikaita, ni mwanangu wa pili, anayefanya kazi mgodini kule Kanda ya Ziwa.

"Shikamoo baba. Bado uko Iringa?"

"Marahaba. Niko Ipogolo. Wewe umefika wapi?"

"Bado niko kwenye basi, Singida huku. Baba, ndege imeshindwa kushuka Songwe. Ukungu. Wamezunguka mpaka wamechoka, wamewapeleka Nduli."

"Wamewapeleka kina nani?"

"Mke wangu yumo."

Mke wake alikuwa amefiwa na mama. Maziko yalikuwa siku hiyohiyo, nyumbani kwa marehemu, na nyumba yenyewe iko jirani na uwanja wa Songwe kiasi kwamba kama ndege ingeshuka, angeweza kutembea kwa miguu. Badala yake ilikuwa imemtua Nduli. Waliwaambia abiria wasubiri, ukungu ukiondoka watarudishwa, lakini hakuna aliyetaja saa. Mabasi ya asubuhi yalikuwa yameshapita. Gari la uhakika lililokuwa Iringa, la mtu anayemfahamu, lilikuwa langu.

Hapo ndipo penye shida, na lazima niieleze kwa wasio watu wa kwetu. Sisi Wanyakyusa, kwa mila, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawasalimiani uso kwa uso, hawakai chumba kimoja, hawasemezani. Mwanamke halitamki jina la baba mkwe wake hata akibanwa, na akimwona anakuja njiani anaacha njia anaingia kwenye migomba mpaka apite. Wengi wameshaacha. Mke wa mwanangu mkubwa ananiamkia, ananipakulia wali, tunaangalia mpira pamoja anashangilia kunizidi. Lakini huyu wa pili mama yake alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa mila, vyote kwa mkono mmoja, na siku ya mahari alitamka mbele ya wazee kwamba binti yake atanishika mimi kama wakwe walivyoshikwa zamani. Tukakubali. Siku ya harusi nilikaa upande wa kwaya, nyuma ya nguzo. Uso wake nilikuwa naujua kwenye picha tu.

"Baba," mwanangu akasema, "kama haiwezekani niambie."

"Nani kasema haiwezekani? Mpigie, mwambie nakuja."

Nikawaacha mafundi na injini yao.

Pale Nduli nililisimamisha gari nikiwa nimeupa mlango wa kutokea abiria mgongo, nikabaki nimekaa, macho kwenye ukoka. Nilikuwa najiuliza ataingiaje na tutaanzia wapi, mara kioo cha upande wangu kikagongwa. Mwanaume mrefu, kofia ya pama, koti zuri, begi dogo.

"Mzee, wewe ndiye mkwe wa yule mama?"

"Ndiyo mimi."

"Amenituma. Tulikaa siti moja kwenye ndege. Anasema anakuomba ugeuze kioo cha ndani, ndiyo aje apande."

Nikakigeuza kikatazama juu kwenye dari. Wengine wangeona mtihani, kuendesha safari ndefu namna ile bila kioo cha kati. Mimi nimeendesha semi miaka mingi, na kwenye semi kioo cha kati hakuna, utaona nini nyuma zaidi ya kontena? Unaishi kwa vya pembeni. Nikamwambia yule bwana, "Mwambie tayari. Na wewe unaelekea wapi?"

"Igawa. Ng'ombe wangu wako Usangu. Nilikuwa nashuka Songwe halafu narudi nyuma kwa gari."

"Basi panda mbele. Hatuendi bila wewe."

Mlango wa nyuma ukafunguka, gari likainama kidogo, mlango ukafungwa. Kwa kioo cha pembeni niliona pindo la kitenge tu. Alikuwa amejifunika kichwa mpaka mabegani.

Kabla sijawasha nikampigia kaka yake mkubwa, ndiye aliyekuwa anasimamia msiba.

"Mzee, tuwatangazie watu saa ngapi?"

"Tangazeni saa tisa. Saa nane na nusu niko hapo."

"Saa tisa mwisho, mzee. Mchungaji ana maziko mengine Mbalizi, hawezi kusogeza."

"Nimeshasema. Saa nane na nusu."

Ilikuwa inaelekea saa tatu asubuhi. Jambo lilikuwa moja tu: binti amwone mama yake kabla jeneza halijafungwa. Mengine yote, chakula, turubai, wageni, yangejipanga yenyewe.

Tukapita mjini, tukateremka mlima mpaka Ipogolo, tukashika barabara kuu. Yule bwana alikuwa Msukuma, mtu wa maneno. Hatujafika Tanangozi akaanza.

"Mzee, samahani. Nyie mna ugomvi?"

"Hatuna."

"Mbona mnatumana?"

"Ni heshima."

"Heshima ya kugeuziana kioo?" Akacheka. "Kwetu baba mkwe akija anachinjiwa."

"Kwetu anapewa mgongo."

"Mnyakyusa wewe, unakula nini sasa, mgongo?"

Nyuma, mara mojamoja, nilisikia mkwe anavuta pua. Nikamwambia yule bwana, "Muulize kama ubaridi wa gari unamsumbua."

Akageuka, akamwita mama kwa Kisukuma chake. "Mayu, mzee anauliza kama ubaridi unakusumbua."

"Mwambie hapana, asante."

"Anasema hapana, asante."

"Nimesikia."

"Kama umesikia, mimi nafanya kazi gani hapa?"

"Hiyohiyo."

Tukaenda hivyo. Ifunda tukapita, Mafinga tukapita, misitu ya misonobari kulia na kushoto, na mimi niko ndani ya muda wangu. Mkwe alikuwa anaongea na ndugu zake kwa simu, sauti ya chini, mpaka simu ikazima. Chaja yangu tukajaribu, haikuingia. Nikasema hakuna neno, simu yangu ipo.

Tunakaribia Nyololo, askari wa barabarani akanyoosha mkono. Mwendo wangu ulikuwa halali kabisa, sijawahi kupigwa tochi kwa uzembe. Akataka leseni, nikampa. Akazunguka, akaangalia matairi, akachungulia ndani. Akarudi dirishani kwangu na sauti nyingine.

"Mzee, huyo nyuma ni nani?"

"Mkwe wangu."

"Mbona amefunikwa?"

"Amejifunika mwenyewe. Ni mila."

"Mila gani ya kufunika mtu kwenye gari? Mama, hebu jifunue uso."

Hakujifunua.

"Mama, huyu dereva unamfahamu?"

Nadhani aliitikia kwa kichwa, maana askari akaendelea. "Anaitwa nani?"

Kimya.

"Nakuuliza, dereva wako anaitwa nani?"

Kimya. Mimi nimeshika usukani naangalia mbele. Ningesema, "Msimuulize hilo," ningeonekana namziba mdomo. Yule Msukuma niliyemtegemea akainua mikono yake miwili kama mtu aliyeshikiwa bunduki.

"Afande, mimi nimepewa lifti tu."

"Kumbe! Mzee, zima gari. Shuka. Funguo nipe mimi."

Nikashuka. Nimepita barabara ile tangu askari huyo hajazaliwa, na siku hiyo nilisimamishwa kando yake kama mwizi wa watoto. Magari yanapita, madereva wangu wawili walipita na lori wakanipigia honi, wakidhani nimesimama kununua viazi. Nilieleza: mkwe, msiba, Songwe, saa tisa. Askari akawa anasema jambo moja tu: mtu gani hajui hata jina lako na unasema ni ndugu yako? Akachukua simu ampigie mkubwa wake.

Kulikuwa na askari mwingine, mwanamke, amekaa pembeni na karatasi zake. Akanyanyuka, akaja polepole, akachungulia ndani. Akakiona kioo kimetazama dari. Akauliza kitu kimoja kwa Kinyakyusa, sauti ya chini, akajibiwa. Kwa lafudhi nikajua huyu ni mtu wa Kyela.

"Afande, mrudishie mzee funguo."

"Huyu mama hamjui hata jina!"

"Analijua. Halitaji. Ni baba mkwe wake. Hata mimi la baba mkwe wangu sijawahi kulitamka. Nikitakiwa kuliandika namwita mume wangu aandike."

"Sasa huyo baba mkwe wako akipotea utamtangazaje?"

"Nitasema amepotea mzee mrefu, mbishi. Watamjua."

Mwenzake akashindwa kujizuia, akacheka, akanirudishia leseni na funguo. Yule dada akanipa pole ya msiba, akaniamkia kwa heshima, akasema niende kwa usalama. Lakini muda ulikuwa umekwenda. Nyololo ilikuwa imekula sehemu ya saa nane na nusu yangu, na nilijua ni sehemu kubwa.

Tulipopita Makambako yule Msukuma akasema, "Mzee, usinikasirikie. Mimi nikiona nguo ya askari maneno yanaisha."

"Uliniuza."

"Nilijiokoa. Kukuuza ingekuwa na bei."

Nyuma nikasikia mtu amecheka, kidogo.

Kutoka hapo mpaka Igawa barabara imenyooka, nchi inafunguka, joto linaanza, na mtu anayejua anaweza kurudisha muda bila kuvunja sheria, kwa kupita malori anapotakiwa kuyapita na kutokaa nyuma ya basi linaloshusha. Nilifanya hivyo. Wale wa simu na mstari wa bluu wasingeweza. Igawa yule bwana akashuka, vijana wake walikuwa wanamsubiri na pikipiki. Akashika mlango hajaufunga.

"Sasa mtaongeaje nikiondoka?"

"Tutajua."

Akainama kuangalia nyuma. "Mayu, mzee anasema mtajua. Pole sana na msiba."

"Asante baba," akasema.

Tukabaki wawili.

Chimala, Igurusi, hakuna aliyesema neno. Nilizima redio maana kulikuwa na muziki wa harusi. Mimi si mtu wa kukaa kimya, aliyesafiri nami anajua, lakini kimya kile nilikiendesha kama mzigo mwingine wowote, taratibu kwenye kona. Tulipoanza kupanda kuelekea Inyala nikaona taa nyekundu za nyuma za malori, mstari mrefu, umesimama. Dereva aliyekuwa ameshuka kukojoa akaniambia lori limelala njia nzima huko juu, wanapitisha upande mmoja kwa zamu.

Simu ikaita. Kaka yake.

"Mzee, mko wapi?"

"Inyala. Kuna lori limelala."

"Watu wamekaa, mzee. Mchungaji anaangalia saa. Sasa kuna mawili. Tunaweza kufunga jeneza, mchungaji afanye ibada yake, azike, mkifika mtakuta kaburi. Au tusifunge, tuwasubiri, lakini mchungaji ataondoka, mwinjilisti mzee wa hapa ndiye atakayezika. Na marehemu alikuwa mama wa kanisa, unajua mwenyewe. Mimi siwezi kuamua peke yangu. Muulize dada, halafu niambie sasa hivi."

"Subiri nimpe..."

Mtandao ukakata. Pale kwenye makunyanzi ya mlima mtandao unakuja na kuondoka. Nikajaribu tena, hola.

Nilikaa nimeshika ile simu. Sauti yangu ameisikia njia nzima, maneno ya kaka yake pengine ameyasikia, lakini kumuuliza moja kwa moja mimi sikuweza. Nasema sikuweza, mimi ambaye kwa mkwe mkubwa nilishayaacha hayo. Mdomo ulikataa. Halafu nikamkumbuka bibi yangu, Rungwe, alikuwa akitaka kumfikishia baba mkwe wake jambo na hakuna mtu wa kati, anasimama uani anawaambia kuku. Anawaambia kwa sauti kubwa, mzee yuko ndani anasikia, anajibu naye kwa kuku.

Nikaweka mkono kwenye dashibodi.

"Wewe gari," nikasema. "Sikiliza. Kuna mtu humu ndani kaka yake amepiga simu. Wanauliza wafunge jeneza mchungaji azike, au wasubiri mchungaji aondoke, azike mwinjilisti. Wanataka jibu lake."

Lori la mbele likasogea, na mimi nikasogea.

"Gari," akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Muulize baba. Anisemee kweli. Tutafika saa ngapi?"

Umbali wa barabara hii nimeulizwa na wakubwa, na matajiri, na mkuu mmoja wa wilaya, na kila mara nimejibu kabla swali halijaisha. Siku hiyo nilipiga hesabu kimya. Ile foleni. Kisha Uyole. Kisha mji mzima wa Mbeya wanapotanua barabara, Mafiati, Kabwe, bajaji zinaingia kama nzige. Kisha Mbalizi. Nikarudia hesabu kutafuta mahali pa kupunguza. Hapakuwapo.

"Gari, mwambie saa kumi. Labda na zaidi. Kabla ya saa kumi, hapana."

Nilisikia anakunjua kitambaa.

"Gari, mwambie baba wasifunge."

"Na mchungaji?"

Nilijisahau, nikauliza bila gari. Akasubiri kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kufunga kifungo alichokisahau, halafu akasema, "Gari, mwambie baba kwamba mchungaji alishamwombea mama sana alipokuwa anaumwa. Yanatosha. Wasifunge."

Tulipofika juu mtandao ukarudi, nikampigia kaka yake.

"Anasema msifunge."

"Na mchungaji je, mzee?"

"Anasema msifunge."

"Mzee, ulituambia saa nane na nusu."

"Nakuja," nikasema, nikakata.

Mengine ya njiani sina haja ya kuyapanga. Mji ulikuwa kama nilivyouhesabu. Kuna vichochoro vya nyuma ya Soweto ambavyo madereva wa teksi wenyewe wanavifahamu nusu, nikapita huko, nikaokoa kidogo. Aliongea na gari mara moja tu, kuliambia limwambie baba asikimbize, maana amemsikia anapumua kwa nguvu. Nikapunguza.

Tulifika saa kumi imeshapita. Turubai, watu wengi, viti vya plastiki, spika mbili kubwa kwenye nguzo. Mchungaji alikuwa ameondoka. Nilisimamisha gari nje ya uzio, barabarani, nikaupa mlango wa kuingilia mgongo. Mlango wa nyuma ukafunguka, nikasikia kilio cha wanawake kikija kumpokea, kikazidi, kikaondoka naye.

Kwa kawaida mimi ni mtu wa viti vya mbele. Niliyeleta gari, mablanketi mawili mazuri ya kumfunika marehemu, yaliyokuwa kwenye buti tangu Iringa, na rambirambi ya kutosha, mahali pangu ni pale mbele na wazee wa ukoo. Kwenye misiba ya watu wengine najua huwa wanachelewesha kuanza mpaka nikae. Lakini jeneza lilikuwa katikati ya turubai, na yeye sasa alikuwa pale, kajifunua, maana mama haagwi ukiwa umejifunika. Ningeingia ingebidi ajifunike au aondoke. Nikamwita mtu mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maji, nikampa mablanketi na bahasha, nikamwambia apeleke ndani. Mimi nikarudi kwenye kiti cha dereva.

Kwa spika nilisikia kila kitu. Nilisikia wimbo wa kuaga. Nilisikia mshereheshaji akisema binti amefika, amemwona mama, na watu wakalia upya. Nilisikia mwinjilisti mzee akisoma polepole, anaruka mistari. Na chini chini, karibu na uzio, nilisikia watu wawili wanaongea bila kujua nipo.

"Mchungaji kaondoka kwa ajili ya huyo tajiri wa malori. Si alisema saa nane na nusu?"

"Maneno mengi. Barabara yenyewe haijui."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na Nyololo, nilikuwa na Inyala, nilikuwa na kioo. Ningewaeleza kituo kwa kituo mpaka waniombe radhi. Nikafunga dirisha.

Wakaanza kuita watu kuweka mashada. Watoto. Wajukuu. Kanisa. Majirani. Kisha mshereheshaji akasema, "Upande wa wakwe! Baba mkwe wa binti yetu, aliyemsafirisha kutoka Iringa, tunaomba ajongee." Akarudia: "Baba mkwe, kama uko eneo hili, jongea tafadhali." Watu wakageuza shingo, nadhani, mimi nilikuwa nawatazama wenye baiskeli wanaopita. Akaita mara ya tatu, na jina langu kamili, kwa spika zote mbili. Halafu akaendelea na mabalozi wa nyumba kumi.

Maziko yalipokwisha, mjomba wa marehemu, mzee mfupi mwenye koti kubwa kuliko mwili, akaja mpaka kwenye gari. Mkononi sahani ya wali na nyama, juu kafunika na sahani nyingine.

"Mkwe. Kumbe upo."

"Nipo."

"Tumekuita mara tatu."

"Nimesikia."

"Umesikia, na umekaa." Akaniangalia vizuri. "Watu wamekusema huko. Wanasema ulitudanganya saa, halafu ukaona aibu, ukajificha."

"Waache waseme."

"Njoo uwaeleze. Wewe huna mdomo mdogo, tunakufahamu."

"Mkwe yuko ndani."

Akacheka, si kwa ubaya. "Siku hizi nani anashika hayo, bwana? Mke wa mwanao mkubwa si anakupakulia? Mimi mwenyewe wangu nakaa naye meza moja."

"Huyu anashika," nikasema.

Akatazama kule kwenye turubai. Wanawake, kwa alivyoniambia baadaye, walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, na mmoja katikati yao alikuwa ameshikwa mabega pande zote mbili. Sikugeuka. Niliona anavyotazama yeye.

Hakusema tena habari ya saa. Akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akakaa, akaiweka sahani juu ya dashibodi katikati yetu, akafunua.

"Nawa basi," akasema, "wali unapoa."